Mwendo wa Falaji

Maji ya falaji hayana haraka.
Aliyeyachimbia njia aliyapa mteremko
ambao jicho haliuoni, goti linaujua.

Tulitoka Birkat al-Mauz baada ya Alfajiri,
baridi ya Januari ikituuma masikio,
mimi na wifi yangu Shinuna, wote wastaafu,
yeye wa ukunga, mimi wa hesabu,
juu ya baiskeli mbili za mitumba
tulizouziwa Wadi Kabir
na mtu aliyeapa kwamba breki zinashika.
Hazishiki.
Ila kwa mwendo wetu huu, kusimama
ni kuacha tu kukanyaga.

Mume wangu alikuwa mlangoni, msuri umemlegea:
"Watu wazima nyinyi! Mwaenda wapi?"
"Tunayafuata maji."
"Nayo yaenda wapi?"
"Umekaa hapa miaka arubaini, hujui?"

Kushoto ukuta wa udongo, kulia mitende,
kati yake njia nyembamba kama msala,
mtu akizama katika mawazo huzama kweli.
Shinuna alizama.
Maji yalimkoma kwenye vifundo vya miguu, akacheka
kicheko chake cha Mchambawima,
ambacho adabu zote za Nizwa
hazijakiweza hadi leo.

Kwenye kona ya shamba la ndimu: pssss.
Mwiba wa mgunga.
Nikachomoa tairi, nikatoa tyubu,
nikainama niizamishe nitafute tundu.

"Si hapo, mama! Si hapo!"

Alitokea nyuma ya ukuta
akisukuma baiskeli nyeusi
iliyofungwa majani ya ng'ombe,
mzigo mpana kuliko kichochoro.
Shofiqul, mtu wa Silheti, mwaka wa kumi na moja hapa.
Kiarabu chake cha shambani na changu cha darasani
vikakutana katikati, vikaelewana.
Hapo juu, alisema, ni pa kunywa.
Chini yake pa kutawadhia.
Kisha wanaume huoga, kisha wanawake,
kisha panapooshewa maiti.
Kisha mitende.
"Tyubu," akafikiri kidogo,
"tyubu ni baada ya maiti, kabla ya tende."

Basi tukateremka, watu watatu, baiskeli tatu,
moja inachechemea.
Nimefundisha mfuatano na uwiano
mpaka chaki ikanila vidole,
sijapata kuona foleni iliyopangwa hivi
wala kujua zamu yangu ndani yake.

Tyubu ikazama.
Mapovu matatu yakapanda, madogo,
moja, likakawia, moja, likakawia, moja,
kama kichanga anayeijaribu pumzi.
"Hapo," Shinuna akasema,
kwa ile sauti yake ya wodini.

Kiraka kilikuwa cha Shofiqul, msasa wake, gundi yake.
Pesa akazikataa, akauliza swali tu:
"Mnapeleka nini?"
"Hatupeleki kitu."
Akaikagua karia yangu, akaikagua ya Shinuna.
"Baiskeli bila mzigo?"
"Bila mzigo."
Akalisema tena peke yake, kwa lugha yake,
kama mtu anayeonja tende asiyoijua jina.
"Ijumaa nitajaribu."

Kisha akatazama saa, akaruka.
Huku nusu saa ya maji huitwa athari,
na athari ya tajiri wake ilikwisha kuanza,
dakika nne zimempita akitusugulia mpira.
Akalivuta tambara lililoziba mlango wa shamba,
maji yakageuka
bila kuuliza nani kachelewa.

Hatukufika mwisho. Nadhani hakuna mwisho
wa kufika na baiskeli.
Mfereji uligawanyika, ukagawanyika tena,
ukawa kamba, ukawa uzi, ukawa unyevu tu
chini ya matende, na nzi wawili.

Usiku, sahani ya papa mbele yake,
mume wangu akaanza upya:
"Enhe, yanakwenda wapi?"
"Yanaingia mitendeni, kisha hayaonekani."
"Basi?"
"Basi. Nipe ndimu."