Meno ya Barua

Ijumaa, Nizwa, jua halijapanda ukuta wa ngome,
mbuzi wanazungushwa duara, madalali wanapaza bei,
na mume wangu Khalfani, Mungu amrehemu,
alikuwa hanunui kwa macho.
Humshika mbuzi taya, humtia kidole mdomoni,
akahesabu meno, akabonyeza kiwele.
"Sifa ni za dalali," akisema, "meno ni ya mbuzi."

Mimi mnada wangu uko kiganjani.
Wiki nzima nilikuwa nikiiwania redio,
ya mbao, vifundo viwili, kitambaa cha hudhurungi kifuani,
ndugu wa ile ya baba iliyobaki Ng'ambo
siku tulipoondoka na mabegi mawili na birika.
Nilipanda hadi riali arubaini na saba.
Mtu wa Sohar akaweka hamsini na mbili
zikibaki sekunde tisa.
Nikaiweka simu, nikaenda kuchambua mchele
uliokwisha kuchambuliwa.

Usiku barua ikaingia.
*Mpendwa Mteja. Mshindi amejitoa.
Redio ni yako kwa arubaini na saba.
Bonyeza hapa, jaza namba za kadi.
Una saa mbili, la sivyo atapewa mwengine.*
Na picha: redio yenyewe, kifua kile kile.

Niseme uongo? Moyo uliruka.
Nilivaa miwani, nikatoa kadi pochini,
nikajaza tarakimu nne za mwanzo,
na hapo kidole kikasita
kama kilichoguswa na ulimi wa mbuzi.
Sijui niseme vipi vyengine.

Mpendwa Mteja?
Soko lile linanijua: Zeyana binti Humud.
Huniandikia kwa jina hata likinidai baisa mia.
Iweje anayeniuzia redio ya kwetu
asijue anamuuzia nani?
Na haraka hii ya nini?
Anayekuhimiza ulipe kabla hakujapambazuka
mbuzi wake anachechemea.

Basi nikaifungua mdomo.
Jina la mtumaji, la soko; nembo, ya soko.
Nilipoligusa jina, anwani ikajitokeza,
kama mwizi nyuma ya pazia, viatu nje:
ile o si o, ni sifuri,
na mkia mrefu wa maneno nisiyoyajua.
Mbuzi wa gunia tunamsikia tangu utotoni.
Hili lilikuwa gunia tupu, limepigwa pasi.

Sikupita njia yake.
Nilitoka, nikazunguka,
nikaingia sokoni kwa mlango wangu wa kila siku,
jina nimeliandika mwenyewe, herufi kwa herufi.
Redio: imeuzwa. Hamsini na mbili.
Ujumbe wangu mle ndani: hakuna.

Bei yangu waliijuaje? Si siri.
Mnadani kila mtu husikia ulipoishia.
Walichokinusa si pesa.
Ni ile hamu.

Asubuhi niliipigia benki. Msichana akauliza:
"Umejaza ngapi, bibi?" Nne.
Akacheka, akaomba radhi.
"Nne hazinunui hata mkate."
Kadi akaibadilisha hata hivyo.

Shemeji yangu Thani alijaza zote kumi na sita,
mwezi wa Rajabu, kwa ajili ya saa ya mkononi.
Hasemi zilikwenda ngapi.
Husema tu saa haikuja,
kisha hutazama kifundo cha mkono.
Nilipomsimulia yangu alinyamaza kitambo,
akaleta simu yake, akaiweka mezani:
"Nionyeshe unagusa wapi."

Ijumaa hii nimekwenda mnadani mwenyewe,
nimebana buibui, nimeinama kwenye vumbi,
nimemtia mbuzi mweupe kidole mdomoni.
Meno mawili ya ukubwani, mwaka na ushei.
"Bibi, unanunua?" akauliza mwenyewe.
Nikamwambia hapana,
nasoma.