Sanduku la Bi Somoe

Hela ya mnada wa pili imeingia.
Asubuhi, ukungu wa Newala bado umekalia mabati,
nipo dukani kwa Nandonde
na swali moja mfukoni:
mama mkwe asikilizie nini?

Nandonde kanipangia mezani.
Spika ya blutuzi, nene kama kinu,
inawaka nyekundu, kijani, nyekundu, kama ukumbi wa harusi.
"Hii inatikisa vioo vya dirisha."
Dirisha letu ni la mbao, nikamwambia, na mama hachezi.

Kisha kijisanduku cheupe cha waifai,
hakina kitufe, hakina hata tundu la sindano.
Unakisemesha tu. Kinajua Kiingereza, Kifaransa, Kihispania.
Kimakonde je?
Nandonde akakohoa,
akafuta vumbi ambalo halikuwepo.

Maana Bi Somoe hataki redio elfu za dunia.
Anataka sauti moja, ya upande wa Mueda,
inayosoma misiba na mvua kwa Kimakonde cha kwao.
Miaka yote aliipata kwa masafa mafupi,
antena imeungwa waya hadi kwenye mkorosho wa uani,
mpaka masafa yakazimwa
na stesheni ikahamia mtandaoni
kama mpangaji aliyeondoka usiku.

Sikununua kipya.
Nimenunua waya wa elfu tatu, pini huku, pini huku,
na simu ya mkononi mwa watu, kioo kimepasuka,
ambayo kazi yake ni kukaa ndani isionekane.
Nandonde akaifumua redio ya mama, ile ya mbao,
akaizika simu tumboni mwake,
akakiacha kitufe cha kuzungusha mahali pake.
Kile tu nilimsisitizia.
Vidole vya mama vinakijua gizani.

Usiku wa kwanza alisikiliza kwa sikio la kulia, lililo zima.
"Ndiye. Ndiye kabisa.
Lakini mbona hana ule mchanga?"
Mtandao hauna mchanga, mama. Sauti inakuja safi.
"Sasa nitajuaje kama yuko mbali?"

Nikakosa la kusema.
Mara kimya. Katikati ya jina la marehemu, kimya.
Mle tumboni kiduara kinazunguka,
hakuna wa kukiona,
nami napiga hesabu ya bando, natafuta viatu nikanunue vocha.

Mama akainua kiganja: tulia.
"Anavuka mto," akasema.