Hali ya Kitabu

Jumatatu asubuhi, maktaba ya Wete,
kabla sijafungua dirisha la upande wa barabara
kunakoanikwa karafuu, na harufu huingia
bila kadi ya uanachama,
nilivipokea vitabu vilivyorudi,
nikavipangusa, nikatafuta gundi.

Kazi yangu ndiyo hiyo: gundi, utepe, mhuri.
Kurasa zilizonyofoka nazirudisha kwao.
Watoto wa Mtambwe hutia mafuta ya maandazi,
wa Gando hukunja pembe,
wa Konde, Mungu awaweke, hurudisha nusu.

Hiki kimerudi na ziada.

Sungura, ukurasa wa pili, ana gongo kwapani.
Wino mweusi, umekandamizwa
hata ukigeuza karatasi unalipapasa kwa nyuma.
Si gongo la kubuni. Nimeliona hili:
kichwani limeviringishwa kipande cha kanga,
msumari mmoja umeingia upande,
na chini raba iliyokatwa kwenye kandambili.
Kaichora hata mistari ya soli.

Ukurasa wa tatu, sungura anavuka mto na gongo lake.
Wa nne anaiba karanga, gongo kalilaza
kwenye majani lisionekane.
Wa sita anamkimbia simba,
na simba naye ana lake, refu zaidi,
maana simba ni mtu mzima.
Kobe tu hakupata kitu.
Pembeni yake pameandikwa: huyu baadaye.

Nikafungua daftari la waazimaji.
Mize Shaame, darasa la nne, Kizimbani.
Yule anayepanda ngazi zetu saba
akizihesabu kwa sauti,
na ya tano, iliyomeguka, huitukana.

Kanuni ipo ukutani, nimeigongomea mwenyewe:
ATAKAYECHORA KITABU ATALIPA SHILINGI ELFU TANO.
Kifutio ninacho. Wino mweupe ninao.

Lakini nilikwenda kwanza kwenye rafu ya watoto,
nikatafuta, kitabu kwa kitabu, mwenye gongo.
Nikampata kipofu: akaponywa ukurasa wa kumi.
Nikampata anayechechemea: ndiye mwizi.
Na kwenye kijitabu cha katuni nikampata mmoja
aliyewekwa ukurasa wa mwisho kabisa,
kwenye kiti cha magurudumu, anatabasamu,
wenziwe wanamsukuma,
na juu maandishi: Tuwasaidie.
Wenziwe wana majina tangu mwanzo.
Yeye hakupigiwa chapa jina lolote.

Hicho nacho Mize alishakiazima.
Mikono yote ya kusukuma
kaishikisha shokishoki, mojamoja,
na magurudumu kayatia vumbi, yaonekane yanakwenda.
Kifuani, kwa herufi kubwa zisizolingana:
HAMADI WA BIKOMBO.

Jumamosi akaja. Hesabu, tusi, hesabu.
Nilikiweka kitabu mezani,
nikakunja uso wangu wa kazi.
"Mize, sungura umemtilia gongo la nini?"

Akaniangalia
kama mtu aliyeulizwa chai imetiliwa sukari ya nini.

"Si chasema kenda mbali?"

"Chasema."

"Haya. Kenda vipi?"

Nikalivuta daftari. Safu ya mwisho: HALI YA KITABU.
Huandikwa humo kizuri, kimechakaa, kimeharibika,
na miaka kumi na moja maneno hayo yalinitosha.
Nje mvua ikadondosha matone mawili matatu,
watu wakazikimbilia karafuu, majamvi yakakunjwa,
mtu akaita "Kazija! Kazija!"
na peni yangu bado iko juu ya mstari.

Yeye hakuningoja.
Kakivuta kitabu upande wake,
kalamba kidole, kafunua ukurasa wa tisa.
"Hapa sijamaliza," akasema. "Raba.
Peni iliniishia."

Akaitazama yangu.