Umoja wa Magaga

Anaitwa Tirop, darasa la sita, dawati la dirishani.
Kainua mkono: Mwalimu, umoja wa magaga ni nini?
Gaga, nikasema.
Na limetoka wapi?
Kengele ikaniokoa.

Usiku nikafungua kamusi, ile iliyong'oka jalada.
Ni ukavu wa ngozi ya nyayo, inasema, wenye mipasuko.
Kisha nukta. Kisha neno jingine.
Haisemi lilipita njia gani kufika kwetu,
wala kama lilivaa viatu au lilikuja pekupeku.

Nikauliza plotini.
Baba Cheptoo, muuza magadi kwa kopo,
akaapa kwamba ni ndugu wa magadi, hilo:
huuoni ukingo wa ziwa wakati wa kiangazi,
ule weupe uliokatikakatika? Si kisigino kile?
Mama Nafuna akacheka mpaka leso ikamfunguka.
Magadi hulainisha mboga, bwana!
Magaga yamelainisha nini?
Gitonga, fundi viatu, uzi bado mdomoni:
neno hilo lilianza na mtu aliyeuliza bei ya soli
akaenda zake.

Mimi nilinyamaza. Ninayo asili yangu,
ila siwezi kuitetea mbele ya mkaguzi.

Kwa Rhonda. Chumba kimoja, kitanda kimoja,
blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu.
Mama alirudi gizani kutoka kiwanda cha pareto,
akiifuata reli kwa akala zilizolika upande,
vumbi la Februari likimpanda hadi magotini.
Alinawa uso, akazima koroboi, akapanda.
Ndipo visigino vyake vikalinasa blanketi:
ga.
Akageukia ukutani:
gaa, ga,
kama mtu anayechana gunia polepole
asiamshe watoto.
Hapo ndipo nilipolala.
Komeo letu lilikuwa bovu. Mlango ulifungwa na sauti ile.

Jumapili alitoa jiwe lake la Menengai,
jepesi, matundu matupu;
tulilitupa beseni ili tulione likielea.
Sugua wewe, mwanangu, mgongo haunipindi.
Nikasugua. Unga mweupe ukashuka majini.
Nilihesabu nyufa: kulia kumi na nne,
kushoto zikaingiliana, nikapotea.
Katika ufa mmoja palikuwa na kipande cha ua la pareto,
kimekauka, bado kina harufu ya kuua mbu.
Akajipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, akasema
ng'ombe haoni haya, mimi nione ya nini?
Lakini kanisani aliificha miguu chini ya benchi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema.
Mama aliziba kila Jumapili
na ukuta akaujenga vilevile: karo yangu, sare ya Obare,
mabati kumi na manane kule Nyamira
aliyolala chini yake mara mbili tu.

Mwaka ule wa wodini, miezi mitano,
nilimpaka mafuta kila jioni.
Siku moja kidole changu kikateleza.
Kisigino kilikuwa laini, laini kama cha mtoto
ambaye bado anabebwa.
Muuguzi akasifu: mama yako ana miguu mizuri!
Nikatoka nje, nikashika nguzo ya baraza.
Usiku ule aligeuka mara nyingi,
na shuka la hospitali halikusema kitu.

Kesho nitaandika ubaoni: gaga, nomino, ngeli ya LI-YA.
Nitamwambia Tirop kwamba umoja wake umo kamusini tu,
maana mimi sijaona gaga likikaa peke yake.
Kwenye asili nitaacha nafasi,
mstari mmoja usioguswa na chaki.
Akishikilia, nitamwambia aulize nyumbani,
kwa yule anayechelewa kurudi.