Mostla, Wiptla

Mama alichapwa rula kwa neno moja tu: atl.
Alikuwa na kiu. Mwalimu alitaka aseme agua.
Akapigishwa magoti juu ya punje za mahindi
mpaka kengele ya saa nne,
na punje mbili zikaganda gotini.
Alizibandua nyumbani, akawatupia kuku,
na siku hiyo, hajavunja ungo, hajajua mume,
aliukata ulimi wangu mimi.

Ndiyo maana nasikia yote na sisemi.
Wazee wa Chicontepec wakinisalimu
najibu Kihispania,
kama mwenye nyumba anayebishiwa hodi mbele
akaitikia kwa uani.

Leo Jumamosi mwanangu Anayeli,
miaka saba, pengo la meno mawili,
karudi kutoka darasa lao la ghalani
(wanakaa juu ya magunia ya kahawa,
daftari limenukia kahawa)
na kamsimamia bibi yake jikoni:

Nana, kesho ni nini?
Mama ana unga mpaka viwikoni. Mostla.
Na kesho kutwa?
Wiptla.
Na mtondo? Na mtondogoo?

Kaango linafuka moshi. Chapati inaungua upande.
Midomo ya Mama inakwenda, inarudi,
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani
kwenye rafu aliyoitengeneza mwenyewe.
Limenitoka, anasema. Nilikuwa nalo.
Kisha: Sisi husema yote mawili kwa pamoja,
mostla, wiptla,
na hapo tumeshataja huko mbele kote.

Anayeli anaandika. Anaacha mistari miwili mitupu.
Hii tutaijaza, anasema, hana hata haraka.

Mimi niko mlangoni na miaka yangu arobaini na moja.
Koo limekauka. Nasema, polepole:
Xinechmaka atl.

Mama anageuka. Siye mimi anayenitazama kwanza;
anautazama mlango nyuma yangu,
kama kuna mtu anakuja na rula.
Hakuna. Ni mvua tu juu ya bati.

Si hivyo, ma, anasema mtoto.
Hapo mwisho ulimi ubaki juu,
pumzi ipite pembeni.
Tena.

Atl, nasema.
Tena.
Atl.

Mama anafuta mkono kwa aproni,
anachota kata nzima, inamwagika,
ananipa.