Kiti cha Kukunja

Siku ya kwanza tuliisifu.
Hata mimi, dereva wa basi la shule,
nilisimama dirishani na kikombe changu, nikasema: basi, dunia imenyamaza.
Magari ya Mtaa wa Sobczak yalikuwa mikate
iliyoumuka usiku, mwokaji akasinzia.

Siku ya pili tulipiga simu manispaa.
Mashine ikatuambia sisi ni wa thelathini na saba kwenye foleni,
baada ya nusu saa, wa thelathini na saba,
kisha filimbi.
Magreda yanaanza barabara kuu, alisema binti hatimaye,
halafu hospitali, halafu shule,
nanyi mmo kwenye orodha.
Orodha! Hata wafu wana orodha yao.

Siku ya tatu nikachimba
tangu asubuhi, kwa beleshi lenye mpini uliopasuka.
Ya juu unga, ya kati mchanga wa mto,
ya chini saruji.
Nilipolitoa gari, palibaki shimo
lenye umbo la gari langu hasa, hadi masikio ya vioo,
nikatia kiti cha kukunja katikati,
kile cha mistari ya kijani, cha kuvulia samaki ziwani,
maana huku Buffalo kiti ni hatimiliki.
Purnell wa nambari kumi na tisa analijua hilo.
Mwaka juzi alikiondoa kiti changu, akaegesha gari lake,
nilipomuuliza akasema: upepo.
Upepo gani unakunja kiti vizuri
ukakiegemeza ukutani?
Tangu hapo tunapishana kama nguzo.

Siku ya nne, Alhamisi,
Halina Wojtasik alitoka mlangoni na koti lake la kanisani,
mkoba mkononi,
akaitazama barabara kama mtu anayedai.
Alhamisi ni siku ya mashine, ya kuoshwa damu.
Jumanne aliikosa.
Miguu ilikuwa imefura, zipu za buti hazifungi.
Ambulensi ilikuja ikaishia barabara kuu,
taa zake zikizunguka bure kwenye weupe,
hatua mia mbili kutoka kwetu,
na hatua mia mbili zilikuwa safari.

Sikumwona aliyeanza.
Nilisikia beleshi tu. Halafu la pili.
Nilipotoka, Yadira alikuwa pale na wanawe,
mdogo akichota kwa sinia ya kuokea keki,
na Mahfuz wa ghorofani, aliyehamia Septemba,
soksi mikononi badala ya glavu,
akiuliza kama kila mwaka huwa hivi,
na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumjibu.
Mbele kabisa Purnell,
akikata theluji matofali kwa matofali.
Nikajipenyeza kando yake. Hakugeuka.
"Chini kuna barafu," alisema.
Neno la kwanza tangu mwaka juzi, nalo la barafu.
"Naiona," nikasema.

Tulipata ujia wa upana wa mtu na nusu.
Halina tulimkalisha kwenye kitelezi chekundu cha plastiki, cha mtoto,
mkoba mapajani, kidevu juu,
akitufokea Kipolandi, halafu kwa lugha yetu sote:
polepole, mimi si gunia la viazi!
Kamba tuliivuta wanne.
Sikuchagua nani ashike karibu nami.

Usiku ule, saa tisa, greda likapita.
Vikombe vikalia kabatini,
mwanga wa manjano ukatambaa darini ukaenda zake.
Asubuhi mtaa ulikuwa mweusi, safi, wa serikali,
na mbele ya kila gari ukuta mpya wa kufika kifuani.
Ujia wetu umezikwa.
Nafasi yangu imezikwa, na kiti ndani yake.
Nilicheka peke yangu,
kisha nikasikia kicheko kingine, ng'ambo,
mtu ameegemea beleshi, kofia machoni.
Hatukusema kitu. Kulikuwa na kazi.

Kiti kiliibuka Aprili,
mguu mmoja umepinda, kitambaa kina harufu ya chumvi na lami.
Aliyekileta ni Purnell.
Alikikunja vizuri, akakiegemeza ukutani,
akapangusa mikono kwenye suruali.
"Upepo," akasema.