Mguu wa Bi Eulalie

Ukitazama ukuta wa mbele jua likiwa ubavuni
utaliona bado, chini ya rangi nyeupe, jina la hoteli:
herufi za waridi, na mnazi uliochorwa na mtu mwenye haraka.
Juu yake, kwa buluu: Chuo cha Udaktari.
Rangi ilikuwa haijakauka tulipofika Micoud,
watu kumi na wanane, na masanduku, na risiti za karo.

Mgeni siku mbili. Ya tatu hatukupewa jembe;
tulipewa brashi na ndoo, tumalizie maktaba.
Deokie alipaka rafu akicheka, kisha hakucheka.
Vitabu vilikuwa forodhani.
Hadubini zilikuwa forodhani.
Na maiti wawili, waliokuwa watufundishe,
nao walikuwa forodhani wakingoja muhuri,
wavumilivu kuliko sisi.

Basi anatomia tuliisoma kwa midomo.
Dakta Hippolyte, mkuu wa chuo na mhadhiri na dereva wa basi letu,
alivua shati mbele ya darasa
akajichora mbavu kwa wino mwekundu, moja moja,
na jasho likazifuta kabla hatujafika ya saba.
Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa tochi za simu.
Mwezi wa tatu mwalimu wa fiziolojia alikwenda Barbados kung'oa jino.
Jino liling'oka, nadhani.
Yeye hakurudi.

Saba waliondoka. Osric aliondoka usiku,
akaacha stetoskopu juu ya mto wa kitanda
kama mpangaji anayeacha funguo.
Mimi ningerudi na nini?
Baba aliuza trekta, msimu wa mpunga ukiwa mlangoni,
kule Berbice, na kila Jumapili kwenye simu
ananiuliza: Wameshawapa ile ithibati?
Namjibu: Karibu.
Neno la kumfungulia mgeni mlango,
na la kumfungia mdai.
Nimelivaa mpaka limelika kisigino.

Nilipanga chumba kwa Bi Eulalie Charlery,
juu ya duka lake la mikate.
Usiku ule nilikuwa sakafuni, nalia kwa hasira,
mishipa ya mguu imenigomea,
majina yake ya Kilatini yananiponyoka kama sabuni.
Akaingia na sahani: shelisheli la kuchoma, ng'onda.
Akaketi. Akavua soksi.
"Doudou," akasema, "hao wafu wenu wanachelewa.
Mimi nipo. Soma hapa."

Nikaupakata mguu wake,
mzito, unga wa ngano umeganda katikati ya vidole.
Nikataja: huu hapa, huu unapita huku,
huu unazunguka kifundo.
Akaitikia kwa kichwa kama anayehesabiwa chenji.
Kisha nikaweka vidole viwili juu ya mgongo wa mguu,
pale kitabu kinaposema mshipa unadunda.
Nikangoja.
Nikasogeza. Nikangoja.
Nikajipima mwenyewe: wangu ulidunda, tena mbio.
Nikarudi kwake. Kimya.
Na pembeni, karibu na kidole cha mwisho, kidonda,
kadiri ya punje ya mpunga,
asichokijua, kwa kuwa hakimuumi.

"Umeupata?"

Hakuna aliyetufundisha uso wa kuvaa.
Somo hilo, labda, nalo lilikuwa forodhani.
"Karibu," nikasema.
Akanitazama, kisukari chake cha miaka kumi na tisa kikinitazama naye.
"Hapana," nikasema. "Sijaupata."

Dakta Hippolyte alikuja na basi la chuo, shati kinyume.
Tulimkalisha kiti cha mbele.
Nyuma yetu viti vitupu viligongana kila kona
barabara nzima hadi hospitali ya Vieux Fort,
na sahani aliipakata mwenyewe, hakukubali iachwe:
shelisheli lilikuwa bado la moto,
na mimi, alisema, nilikuwa sijala.